Maswali ya Wasomaji: Volumu ya Gitaa na Geini ya Amplifaya

SWALI: Mhariri, naomba ufafanuzi. Gitaa langu la umeme lina pikapu (vifaa vinavyonasa mtetemo wa nyuzi) za koili mbili na amplifaya yangu ya valvu ina kitufe cha geini na kingine cha masta. Mwalimu wangu anasisitiza kwamba volumu ya gitaa ifunguliwe hadi mwisho wakati wote, na mkwaruzo urekebishwe kwenye geini. Mwenzangu ninayepiga naye hufanya kinyume: hufungua geini sana, kisha husafisha sauti kwa kupunguza volumu ya gitaa. Je, vitufe hivi viwili si kazi moja? Yupi kati yao yuko sahihi?
Mpiga solo

JIBU: Ndugu mpiga solo, kwa hesabu tupu hujakosea sana. Volumu ya gitaa na geini ya amplifaya, kila kimoja ni potenshiomita inayogawa volteji: hupitisha sehemu ya ishara inayotoka nyuma yake na kuizuia iliyobaki. Vyote viwili hukaa kabla ya hatua ya amplifaya inayotengeneza mkwaruzo, kwa hiyo vyote viwili huamua hatua hiyo itasukumwa kwa nguvu kiasi gani. Masta ndiyo iliyo tofauti, kwa kuwa hukaa baada ya mkwaruzo wa hatua za mwanzo kwisha kutengenezwa, na kazi yake hasa ni ukubwa wa sauti. Amplifaya ya Marshall 2203, iliyotoka mwaka 1975, iliwekewa masta kwa sababu hiyohiyo, ili mpigaji apate mkwaruzo bila kulazimika kutetemesha kuta.

Tuchukue mfano wa kukadiria. Tuseme pikapu yako ikipigwa kwa nguvu inatoa kilele cha volti 0.4. Valvu ya kwanza, mathalani ECC83 inayopatikana katika amplifaya nyingi, ikiikuza ishara hiyo mara 50, tunapata volti 20. Geini imewekwa mahali inapopitisha nusu, basi volti 10 zinafika kwenye valvu ya pili, ambayo inaweza kupokea kama volti 1.5 tu kabla ya mawimbi kuanza kukatwa vilele. Mawimbi yaliyokuwa na vilele vya mviringo yanakuwa bapa juu na chini, na huo ndio mkwaruzo tunaousikia. Sasa punguza volumu ya gitaa hadi ipitishe sehemu moja ya kumi. Pikapu bado inatoa kilekile, lakini valvu ya kwanza inapata volti 0.04 na kutoa volti 2, na ya pili inapokea volti 1. Hakuna kilichokatwa, kwa hiyo sauti imekuwa safi.

Angalia basi kilichotokea kwa ukubwa wa sauti. Ishara imepunguzwa mara kumi, yaani desibeli 20, lakini kilele kinachotumika katika valvu ya pili kimeshuka kutoka volti 1.5 hadi volti 1, ambayo ni kama desibeli 3.5 tu. Ndoo iliyojaa haijai zaidi kwa kuongezewa maji, na vivyo hivyo ukiyapunguza yale yaliyokuwa yakimwagika, ndoo hubaki karibu na kujaa. (Masikioni tofauti huwa kubwa kidogo kuliko hesabu hii, kwa sababu mawimbi bapa hubeba nishati zaidi kuliko ya mviringo yenye kilele sawa.) Ndiyo maana mwenzako anaweza kutoka kwenye mkwaruzo mzito hadi sauti safi katikati ya wimbo bila kupotea nyuma ya ngoma.

Hata hivyo, volti 1 hiyohiyo ungeipata kwa kuacha gitaa wazi na kupunguza geini mara kumi. Tofauti basi iko wapi? Iko katika vitu vilivyo kati ya kitufe kimoja na kingine, yaani waya unaounganisha gitaa na amplifaya, pedali (vifaa vya kubadili sauti vinavyokanyagwa) kama zipo, na ile valvu ya kwanza.

Valvu ya kwanza ina mvumo wake yenyewe, ule wa “ssss” unaosikika hata usipogusa nyuzi. Ukipunguza volumu ya gitaa huku geini ikibaki juu, ishara inakuwa ndogo na mvumo unabaki ulivyokuwa. Ukipunguza geini, ishara na mvumo hushuka pamoja. Katika hili mwalimu wako ana hoja nzito, hasa kama mnarekodi na kipande kinachohitajika ni safi mwanzo hadi mwisho. Kwa upande mwingine, muungurumo wa umeme unaonaswa na pikapu zenyewe hupunguzwa na kitufe cha gitaa. Hapa kuna kipimo cha haraka ambacho kila mpigaji anapaswa kukijua: kelele ikizidi, funga volumu ya gitaa kabisa. Ikitoweka, chanzo ni gitaa au pikapu; ikibaki, tafuta kwenye waya, pedali au amplifaya.

Jambo la pili ni rangi ya sauti. Amplifaya nyingi zina kapasita ndogo (kifaa kinachopitisha sauti za juu kwa urahisi kuliko za chini) iliyoungwa juu ya potenshiomita ya geini, ambayo huruhusu trebo, yaani sauti za juu, ipite hata kitufe kikiwa chini. Matokeo yake ni kwamba geini ikipunguzwa sauti huwa kali na nyembamba, na ikifunguliwa hadi mwisho kapasita hiyo haina athari tena. Volumu ya gitaa hufanya kinyume, kwani ikipunguzwa huwa inameza trebo, kwa sababu nitakazozieleza katika jibu linalofuata. Mpigaji mwenye sikio zuri huzipatanisha tabia hizi mbili, na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo utamu wa amplifaya za aina ya zamani.

Kuhusu nani yuko sahihi, mimi nasimama karibu zaidi na mwenzako, lakini kwa utaratibu. Usirekebishe amplifaya gitaa likiwa wazi hadi 10. Weka volumu ya gitaa kwenye 7 hivi, kisha tafuta geini inayokupa sauti ya kupigia ridhimu unayoipenda. Hapo utakuwa na nafasi ya kupanda wakati wa solo na nafasi ya kushuka wakati mwimbaji anaingia, na mkono wako hauhitaji kuliacha gitaa. Gitaa la Fender Stratocaster, tangu lilipotoka mwaka 1954, lina volumu iliyo karibu kabisa na nyuzi, na mpiga gitaa Mwingereza Jeff Beck alijulikana kwa kuizungusha kwa kidole kidogo huku vidole vingine vikiendelea kupiga.

Ila usitarajie kwamba kufungua volumu kutoka 7 hadi 10 kutaongeza sauti kama amplifaya tayari inakwaruza. Utapata mkwaruzo zaidi na noti zitadumu zaidi, basi. Anayetaka solo isikike juu ya wenzake anahitaji kuongeza ishara baada ya mkwaruzo, kwa mfano kwa pedali ya kukuza iliyowekwa kwenye njia ya efekti ya amplifaya (matundu ya kuunga pedali baada ya hatua ya mkwaruzo). Vilevile, amplifaya za kisasa zenye hatua nyingi za geini zilizofuatana haziitikii vizuri mbinu ya mwenzako: ishara huwa imezidi kikomo mara mamia, na kuipunguza mara kumi bado huiacha imezidi.

Na namba zilizoandikwa kwenye kitufe zisikudanganye. Potenshiomita nyingi za volumu ni za logariti, nazo zikiwa katikati ya mzunguko hupitisha kati ya asilimia 10 na 15 ya volteji, si nusu. Kwa hiyo ule mfano wetu wa sehemu moja ya kumi uko karibu na 5 kwenye gitaa la kawaida. Kama gitaa lako limewekewa potenshiomita ya mstari sawa, utaona kwamba kuanzia 10 hadi 4 karibu hakuna kinachobadilika, kisha mabadiliko yote yanarundikana mwishoni.

SWALI: Nikipunguza volumu ya gitaa langu hata kidogo, sauti inakuwa butu, kana kwamba spika imefunikwa blanketi. Fundi mmoja ameniambia potenshiomita imekufa na inabidi ibadilishwe. Ni kweli?
Msomaji wa muda mrefu

JIBU: Potenshiomita iliyochakaa hukwaruza inapozungushwa au hukatakata sauti. Usipoyaona hayo, usimlipe fundi bado. Unachokisikia ni tabia ya kawaida ya waya wa gitaa.

Waya wowote wa gitaa una kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme), kwa kawaida karibu pikofaradi 100 kwa kila mita. Volumu ikiwa wazi kabisa, ishara inatoka kwenye pikapu moja kwa moja na kapasitansi hiyo haina madhara makubwa. Ukishaipunguza, ishara hulazimika kupita ndani ya potenshiomita kwanza, na ukinzani huo ukiungana na kapasitansi ya waya hutengeneza kichujio kinachozuia sauti za juu. Kwa potenshiomita ya omu 500,000, hali mbaya kabisa hufikiwa inapopitisha nusu ya volteji, ambapo ukinzani unaoonekana kutoka upande wa waya ni kama omu 125,000. Ukiwa na waya wa mita 6, wenye pikofaradi 600, kichujio kinaanza kukata kwenye hezi 2,100 hivi, na hapo ndipo penye ung'avu wa gitaa. Kwa potenshiomita ya omu 250,000, inayotumiwa zaidi na pikapu za koili moja, kiwango hicho hupanda hadi karibu hezi 4,200, ndiyo maana wenye magitaa hayo hulalamika kidogo kuliko wenye ya koili mbili.

Dawa ya kwanza ni rahisi: tumia waya mfupi zaidi kutoka kwenye gitaa hadi kwenye pedali ya kwanza yenye bafa (sakiti inayolitenga gitaa na waya unaofuata), kwa kuwa waya unaofuata baada ya bafa hauna tena athari hiyo. Pikapu zenye betri na bafa ndani ya gitaa hazina tatizo hili hata kidogo.

Dawa ya pili ni kuunga kapasita ndogo, yenye pikofaradi 680 hadi 1,000, kati ya mguu wa kuingilia na mguu wa kati wa potenshiomita, ili trebo ipate njia yake ya pembeni. Wengi huiunga sambamba na rezista ya omu 150,000 hivi. Dawa hii husifiwa kupita kiasi. Bila rezista, gitaa likipunguzwa sana hubaki na trebo tupu isiyo na mwili, na hata ikiwepo rezista, tabia ya potenshiomita hubadilika ukiizungusha. Mimi ningeanza na dawa ya tatu, ambayo haigharimu kifaa chochote: kama waya wa toni (kitufe cha kupunguza trebo) umeungwa kwenye mguu wa kuingilia wa volumu, uhamishie kwenye mguu wa kati, kama yalivyokuwa magitaa mengi ya Gibson ya miaka ya 1950. Trebo hubaki kwa kiasi kizuri, ingawa vitufe vya volumu na toni vitaanza kuathiriana.

Tena, butu si kasoro kila mara. Mkwaruzo huzalisha sauti za juu nyingi. Ukisafisha, kupungua kwa trebo kidogo huweza kuwa ndiko kunakolifanya gitaa likae vizuri chini ya mwimbaji. Sikiliza kwanza ukiwa na bendi kabla ya kushika chuma cha kulehemu.

SWALI: Pedali yangu ya fazi (mkwaruzo mzito) iitwayo Fuzz Face ilikuwa ikisafishika vizuri sana nikipunguza volumu ya gitaa. Tangu niweke pedali nyingine mbele yake, haisafishiki tena na sauti imekuwa kali. Imeharibika?
Mpenda fazi

JIBU: Haijaharibika. Fuzz Face, iliyoanza kuuzwa na Arbiter wa London mwaka 1966, ina ukinzani mdogo sana mahali ishara inapoingilia, na kwa hiyo huungana na pikapu zako kana kwamba ni sehemu ya gitaa. Unapopunguza volumu, hupunguzi ishara peke yake. Unaongeza pia ukinzani kati ya pikapu na transista, na ukinzani huo hupunguza ukuzaji wa pedali yenyewe. Ndiyo sababu kurudi kutoka 10 hadi 8 tu kunaleta badiliko kubwa hivyo.

Pedali uliyoiweka mbele yaelekea ina bafa, ambayo huendelea kufanya kazi hata ikiwa imezimwa. Bafa hulitenga gitaa na fazi, na kitufe chako kikabaki na ile kazi yake ndogo ya kugawa volteji. Rudisha fazi iwe ya kwanza kabisa baada ya gitaa.

SWALI: Gitaa langu lina volumu mbili, moja kwa kila pikapu. Swichi ikiwa katikati, nikifunga volumu moja hadi sifuri, gitaa zima linanyamaza. Je, limeungwa vibaya?
Mpiga ridhimu

JIBU: La, ndivyo magitaa mengi ya aina hiyo yanavyoungwa. Swichi ikiwa katikati, miguu ya kati ya potenshiomita zote mbili hukutana, na unapoifunga moja hadi sifuri mguu wake hugusa ardhi (upande wa sakiti usio na ishara), hivyo ishara ya pikapu ya pili nayo huenda ardhini. Fundi anaweza kubadilishana nyaya za mguu wa kuingilia na wa kati ili kila volumu ijitegemee, lakini gharama yake ni kwamba ukipunguza volumu pikapu itaelemewa na ukinzani mdogo zaidi na trebo itakufa haraka. Nakushauri uache kama lilivyo. Ukitaka pikapu moja iwe nyuma ya nyingine, ishushe hadi 2 au 3 bila kuifunga, na ukitaka kunyamazisha gitaa ghafla kati ya wimbo na wimbo, weka swichi katikati na ufunge kitufe kimoja tu.