Mkiwa wachache ukumbini, sauti haitoshi

Juzi usiku kijana mmoja wa Mafinga kanitumia meseji: "Kamwene kaka, natamani siku moja niingie baraza la madiwani kupitia upinzani, alafu Bunge, nikisimama hata mawaziri wanyamaze. Naanzia wapi?" Nimeisoma mara tatu. Najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo hata kama hamuisemi, kwahiyo namjibu hapa wote tusikie.

Nilikuwa diwani 2015 mpaka 2020 kwenye halmashauri moja ya huku nyanda za juu, jina naliacha. Upinzani tulikuwa wanne tu, wengine wote chama tawala, na wenzangu wakanipa niongoze kambi yetu. Aisee nilijiona Mbowe kabisa, aliyekuwa kiongozi wa upinzani bungeni. Miaka ya nyuma nilikuwa nakaa kwenye mgahawa wa chai pale Miyomboni naangalia Bunge laivu, Mchungaji Msigwa, mbunge wetu wa Iringa Mjini na waziri kivuli wa Maliasili na Utalii, anaibana serikali kuhusu ujangili wa tembo, wenzake wanapiga meza, na sisi huku tunapiga meza vikombe vinaruka. Nilichoondoka nacho pale ni ile sauti yake. Karatasi aliyokuwa ameshika mkononi sikuiona.

Sasa kikao cha bajeti cha 2016, nafungua makisio nakuta barabara ya kata yangu imetolewa. Nikasimama nikasema mkurugenzi ni mwizi. Sikuwa na ukurasa, sikuwa na takwimu, nilikuwa na hasira tu. Mwenyekiti akasema futa kauli, nikagoma, nikatolewa nje. Vijana wa kata yangu walikuwa wamekuja kusikiliza wakanibeba juujuu, mvua inatunyeshea, na mimi nikaamini nimeshinda. Jioni mwenzangu ananipigia, bajeti imepita na ile barabara hakuna aliyeitaja tena baada ya mimi kutoka. Masika magari hayakupanda. Mzee mmoja akanipeleka ghalani kwake akanionyesha magunia kumi na saba ya viazi yameoza, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani diwani, ulisema nini kule?" Sikuwa na jibu.

Mwaka huohuo serikali ilikuwa imeshasitisha Bunge laivu TBC, kwahiyo ikabidi nianze kusoma Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni. Na kwenye Hansard sauti haipo jamani, unabaki na hoja peke yake! Ndo nikaanza kuelewa. Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani, 2007 alileta hoja ya mkataba wa mgodi wa Buzwagi, akauliza kwanini waziri ameusaini London wakati serikali inasema inapitia upya mikataba ya madini. Bunge likamsimamisha, kura hakuwa nazo, lakini swali halikufa, na mwaka huohuo Rais Kikwete akaunda kamati ya Jaji Bomani kuangalia sekta ya madini. Sakata la Escrow 2014, zile hela zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, hivyohivyo, mbunge wa upinzani Kafulila alipiga kelele sawa, ila moto uliwaka kweli pale CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, alipokagua na PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, ikaleta ripoti mezani. Na msidhani ni mambo ya wapinzani tu, Mwakyembe aliyeongoza kamati ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond alikuwa mbunge wa CCM wa hukuhuku, Kyela, na kwa ripoti hiyo Februari 2008 Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu.

Basi 2018 sheria ikaja kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri iende mikopo ya vikundi bila riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Nikachukua taarifa ya robo mwaka, nikapiga hesabu kwa simu usiku, kilichopelekwa kwenye vikundi hakikufika hata nusu. Kikaoni nikasimama dakika mbili tu: "Mheshimiwa Mwenyekiti, ukurasa wa 14 una mapato, ukurasa wa 31 una mikopo, naomba mweka hazina atuambie tofauti iko wapi na jibu liingie kwenye muhtasari." Ukumbi kimya, nasikia kurasa tu zinafunuliwa. Mama mmoja wa viti maalumu wa chama tawala akasimama akasema hata yeye anaomba jibu hilohilo, maana naye ana vikundi vyake vinamsubiri. Robo iliyofuata hela ikaongezwa, akina mama wa kata yangu wakanunua vyerehani.

Siku ya kukabidhi vyerehani nilikaa mstari wa nyuma na jina langu halikutajwa. 2020 nikashindwa. Inaniuma mpaka leo siwezi kuwadanganya, maana ile hesabu niliipiga mimi.

Kwahiyo mdogo wangu, soma kwanza. Usisimame kabla hujasoma. Swali moja lenye ukurasa linatosha, maswali kumi unamrahisishia anayejibu, atachagua jepesi. Zijue kanuni maana ukiteleza tu mtu anasimama na "kuhusu utaratibu" dakika zako zimekwisha. Na usimwite mtu mwizi! Mbunge analindwa na ibara ya 100 ya Katiba kwa anayoyasema bungeni, ibara hiyo inaongelea Bunge, wewe diwani haikutaji. Wananchi hawakukutuma ukawachekeshe, wamekutuma urudi na kitu, na anayeenda ukumbini bila kusoma anawaibia kura zao, nasema hivyo nikijua na mimi niliwaibia mwaka mzima.

Usisubiri hata uchaguliwe. Ripoti za CAG zikishawasilishwa bungeni kila Aprili zinawekwa kwenye tovuti yao, chukua ile ya serikali za mitaa, tafuta halmashauri yako, soma hoja ambazo hazijajibiwa. Muhtasari wa kile kikao cha vyerehani bado ninao, ukishuka Iringa nitafute nikupe ukatoe kopi.