Walatino wa Oakland wanavyoinuana: jibu refu kwa dada wa Columbus

Mtoa mada, nimeusoma uzi wako jana usiku mpaka mwisho, na majibu yote chini yake. Unasema mko kikundi cha akina mama hapo Columbus, Ohio, wengi wenu Wakongo na Warundi, mnafanya usafi mahotelini na kutunza wazee majumbani. Mnawaona akina mama wa Kilatino, yaani wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati na Kusini, wa mtaa huohuo wana kampuni yao ya usafi, wana madarasa yao ya jioni, na jiji likiwa na kikao wanaitwa. Ukauliza walianzia wapi, na kama nanyi muanze na shule, na viongozi, au na mkopo.

Nimefanya usafi wa majumbani Oakland, California, kwa miaka mingi, bega kwa bega na akina mama wa Mexico, Guatemala na El Salvador, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona. Wadau wengi hapo juu wamesema "wale wako wengi" au "wale wanapendana". Wingi ni kweli. La kupendana, wanagombana kama sisi tu. Kilichowatofautisha ni kwamba pesa na maamuzi vilikaa mikononi mwao wenyewe, na karibu kila walichofundishwa kilihusu pesa hizo na maamuzi hayo.

Kwanza ujue wengi wao walianzia chini kuliko nyinyi. Mkimbizi anapofika Marekani ana haki ya kufanya kazi tangu mwanzo. Mama aliyevuka mpaka bila makaratasi hana haki hiyo, na sheria ya mwaka 1986 inamkataza mwajiri kumwajiri huku akijua. Anachobakiwa nacho ni majumba ya watu, kwa pesa taslimu. Na kazi za nyumbani zenyewe sheria ilizisahau makusudi: ile ya vyama vya wafanyakazi ya 1935 iliziacha nje hadi leo, na ile ya kima cha chini cha mshahara ya 1938 haikuzigusa mpaka 1974. Ndiyo maana utakuta mama ameitwa Jumamosi, amesafisha nyumba kuanzia dari mpaka gereji, amelipwa nusu, akaambiwa nyingine wiki ijayo, na wiki ijayo mlango haufunguliwi. Ataenda kulalamika wapi?

Sasa shule. Darasa nililolijua mimi lilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa huko Fruitvale, mtaa wa Oakland, jioni baada ya kazi. Kona moja ilikuwa na mkeka, vitabu vya kuchora na vijana wawili wa kuangalia watoto. Mezani kulikuwa na wali na maharage. Msichukulie hayo kama mapambo. Nimeona madarasa yenye walimu wazuri zaidi yakifa ndani ya miezi miwili kwa sababu mama hakuwa na pa kumwacha mtoto, na aliyetoka kazini saa kumi na moja hawezi kujifunza chochote na njaa. Mkipata hela kidogo, ziende kwa mlezi wa watoto kabla hazijaenda kwa mwalimu.

Kiingereza chenyewe kilifundishwa kupitia kazi. Mwalimu, ambaye naye alikuwa amesafisha majumba kabla, aliweka viti viwili mbele. Mama mmoja anakuwa mwenye nyumba, mwingine anakuja kutoa bei. Kabla hajataja bei anazunguka nyumba yote: anahesabu mabafu, anafungua oveni aone mafuta yaliyogandia, anauliza kama kuna mbwa, maana manyoya kwenye zulia yanakula muda, anauliza madirisha ni ndani tu au na nje. Anaandika. Anataja bei. Halafu ananyamaza.

Huko kunyamaza ndiko kulikowashinda. Mwenye nyumba akikunja uso tu, mama anashusha bei kabla hata ya kuombwa. Walilirudia zoezi hilo jioni nzima, wanacheka, wanarudia tena. Kulikuwa na dada mmoja kutoka milima ya Guatemala ambaye muda wote alikuwa akiangalia chini. Zamu yake ilipofika alitaja bei, akafunga mdomo, akamkazia macho "mwenye nyumba" mpaka yule akasema sawa. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Alichopata jioni ile hakuna cheti kinachoweza kukieleza, na wiki hiyohiyo alikwenda kukitumia kwa mteja wa kweli.

Dada huyo ananikumbusha jambo lingine linalowahusu. Watu wengi wa Guatemala waliopo Oakland lugha yao ya kwanza ni Kimam, lugha ya Wamaya wa huko kwao, na Kihispania wamejifunzia ukubwani au hawakijui vizuri. Kwa muda mrefu walikaa nyuma kimya, wenzao wakadhani ni wapole. Alipopatikana mtu wa kuwatafsiria kwa Kimam, ikaonekana wana mengi ya kusema. Na nyinyi msidhani Kiswahili kinamfikia kila mama sawasawa. Wapo Wabembe, Wanyamulenge na Warundi ambao Kiswahili wamekiokota kambini. Waulizeni mmojammoja, faragha, kabla hamjawaona wazito.

Biashara ndipo penye utamu wa habari hii. Mwaka 1995, eneo la ghuba ya San Francisco, ambamo Oakland imo, lilianzishwa shirika linaloitwa WAGES, siku hizi Prospera, likawa linawasaidia wanawake wa Kilatino kuunda vyama vya ushirika vya usafi. Mojawapo ni Emma's Eco-Clean ya Redwood City, iliyoanza 1999. Walichagua kusafisha bila kemikali kali, na hapo naweza kushuhudia kwa mikono yangu. Ukishinda na jiki bafuni dirisha limefungwa, jioni unakohoa na vidole vimechanika. Wao walitumia siki, magadi, sabuni ya kawaida na vitambaa vizuri. Afya ikapona, na wakapata wateja wenye uwezo waliokuwa tayari kulipa zaidi ili watoto wao wasivute hewa ya kemikali. Brooklyn, New York, nako, mtaa wa Sunset Park, kuna ushirika wa usafi wa Sí Se Puede ulioanzishwa na wanawake wahamiaji mwaka 2006.

Ushirika wa namna hii kila mwanachama ni mwenye mali. Ananunua hisa, mara nyingi kwa kukatwa kidogokidogo, ana kura moja, na faida inagawanywa kulingana na saa alizofanya kazi. Mmiliki wa biashara halisi kisheria hatazamwi kama mwajiriwa, kwa hiyo mlango uliofungwa na sheria ya 1986 ulipata upenyo. Kodi wanalipa kwa namba ya ITIN, ambayo ofisi ya kodi ya Marekani inaitoa tangu 1996 kwa wasio na namba ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii. Natahadharisha hapa: mambo haya yanatofautiana jimbo kwa jimbo, na Aprili 2025 ofisi ya kodi ilitia saini makubaliano ya kupeana taarifa na idara ya uhamiaji, jambo lililofikishwa mahakamani na kuwatia watu hofu kubwa. Kama kuna mama kwenu asiye na makaratasi kamili, asijaze fomu yoyote kabla hajaonana na mwanasheria wa uhamiaji.

Niliwahi kualikwa kwenye kikao cha ushirika mmoja. Karatasi ya mapato na matumizi ilibandikwa ukutani kwa herufi kubwa, na mweka hazina alisimama kuieleza. Mama huyo aliishia darasa la tatu kijijini kwao. Alieleza kwa nini gharama ya petroli imepanda, nani anaendesha kwenda wapi, na kwa nini anataka wateja wa upande mmoja wa jiji wawekwe siku moja. Mwenzake akambishia kwa hesabu zake. Wakabishana, wakapiga kura, wakaendelea. Cheo chake kilikuwa cha muda na baada yake aliingia mwingine, maana kanuni yao ilimtaka kila mwanachama apite kwenye uongozi, apende asipende. Nimehudhuria semina za uwezeshaji wa wanawake zenye fulana, vyeti na picha ya pamoja. Sijaona semina hata moja iliyomfanya mtu kuwa kiongozi kama kule kulazimika kueleza pesa za wenzako mbele ya wenzako.

Shule nyingine ya uongozi ilikuwa Sacramento, kwenye bunge la jimbo. Makundi kama Mujeres Unidas y Activas, iliyoanza San Francisco mwaka 1990, yaliwapeleka wasafishaji na walezi wenyewe wakaseme. Basi linaondoka alfajiri, watoto wamelala mapajani, na njiani kila mama anafanya mazoezi ya kusema kisa chake kwa dakika mbili huku mkalimani akifuata. Mswada wa kwanza wa wafanyakazi wa nyumbani gavana aliukataa 2006. Mwingine ukakataliwa 2012. Wakarudi tena, na mwaka 2013 ukapita, New York ikiwa imetangulia na sheria yake tangu 2010. Kwa California, mlezi wa mtu nyumbani akizidisha saa 9 kwa siku au 45 kwa wiki anadai malipo ya ziada, na mwaka 2016 haki hiyo ikafanywa ya kudumu. Nyinyi mnaotunza wazee mnajua saa hizo zina maana gani. Waliopigania hayo kwa miaka saba ndio hao mnaowaona leo wakiitwa kwenye vikao. Hakuna aliyewaita mwanzoni.

Kuna kitu hakijaguswa na mtu humu: nyumbani kwenyewe. Umeandika kwa kupitia tu kwamba baadhi ya waume hawapendi vikao vya jioni. Katika vikundi vya Walatino hilo lilizungumzwa wazi, pamoja na vipigo. Wengi walikuwa wameaminishwa na mume kwamba wakienda polisi watarudishwa kwao. Kikundini ndipo waliposikia kwamba sheria ya 1994 inamruhusu mke anayeteswa na mume raia au mwenye makazi ya kudumu kuomba makaratasi yake mwenyewe bila mume kujua, na kwamba tangu 2000 kuna viza ya U kwa wahanga wa uhalifu fulani wanaosaidia upelelezi. Nilimwona mama akiisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Aliuliza irudiwe, akaomba kalamu. Tafadhali mtafuteni mwanasheria wa msaada wa bure aje kikaoni kwenu walau mara moja kusema hayo, na aseme mbele ya wote, ili anayehitaji asilazimike kujitaja.

Mkopo nimeuacha mwisho kwa sababu kwao ulikuja mwisho. Wanacheza upatu, wao wanauita tanda, na unakwenda kama wetu: mnachanga, mmoja anapokea, kijumbe anashika daftari. Shirika la Mission Asset Fund la San Francisco lilichukua upatu huohuo mwaka 2008 likauweka kwenye mikataba, bila riba, na kila mchango unaripotiwa kwa mashirika yanayotunza historia ya mikopo. Mama ambaye benki ilikuwa haimjui anaanza kujulikana kwa kucheza mchezo ambao angeucheza vyovyote vile. California ikautambua mpango huo kisheria mwaka 2014. Grameen America nayo, iliyoanzia Queens, New York, 2008, inakopesha wanawake katika makundi ya watano kwa biashara ndogo. Najua mna upatu tayari. Ulizeni kama hapo Ohio kuna shirika linaloweza kuuripoti, na msikope dola hata moja kwa ajili ya ofisi au gari lenye nembo.

Wale wanaotaka kuuza sambusa na mandazi wasome habari za La Cocina, jiko la pamoja lililofunguliwa San Francisco mwaka 2005, ambako wanawake wahamiaji wanakodi nafasi kwa bei nafuu na kusaidiwa vibali. Hilo lina urefu wake, mwenye uzoefu wa chakula aliandikie.

Kuhusu pa kuanzia: mna watu wanaojua usafi wa hoteli, kwa hiyo tafuteni jengo moja dogo, zahanati au kanisa, mlifanye pamoja kwa miezi kadhaa, na daftari lishikwe kwa zamu tangu malipo ya kwanza. Karatasi tuliyokuwa tukiitumia kukadiria bei ya nyumba bado ninayo. Iko kwa Kihispania. Wikiendi hii nitaiandika upya kwa Kiswahili niiweke hapahapa kwenye uzi, nawe uniambie bei za huko zikoje.