Je, muziki humsaidia mchezaji wa gemu au humponza?

SWALI: Mhariri, kila jioni mimi na rafiki zangu hucheza gemu ya kupigana risasi kwenye simu, huku tukizungumza kupitia hedifoni. Mimi huzima sauti zote za gemu na kuweka bongo fleva, kwa sababu bila muziki ninachoka upesi. Ninafurahi sana, lakini mara nyingi huwa wa kwanza kuuawa. Kaka yangu anasema muziki ndio unaoniponza. Je, ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kaka yako amekaribia ukweli, ingawa muziki hauna lawama yote. Furaha unayoisikia ni ya kweli, kwa kuwa muziki huuamsha mwili, na watengenezaji wa gemu wamelijua jambo hilo tangu zamani. Katika gemu ya Space Invaders, iliyotoka Japani mwaka 1978, noti nne nzito za muziki hurudiwa bila kukoma na kuongezeka kasi kadiri maadui wanavyoongeza mwendo, hata mchezaji akaingiwa na wasiwasi. Mwaka 2005, watafiti wa Montreal, Kanada, walipima kotisoli, homoni ya msongo, katika mate ya vijana waliocheza gemu ya risasi, wakaona kuwa waliocheza na muziki wake walikuwa na kiwango kikubwa kuliko waliocheza bila muziki.

Hata hivyo, kuamka kwa mwili si sawa na kuwa makini. Katika jaribio la mtafiti Warren Brodsky wa Israeli, lililochapishwa mwaka 2001, watu walioendesha gari la kuigiza kwenye kompyuta waliongeza mwendo na kufanya makosa mengi zaidi muziki ulipokuwa wa kasi.

Kwa maoni yangu, kinachokuponza zaidi ni mambo mawili. Kwanza, bongo fleva ina maneno, tena ya lugha unayoielewa, na akili haiwezi kuyapuuza hata ukitaka. Kwa hiyo mwenzako anapokuambia kwamba adui yuko nyuma ya ukuta, sauti yake inashindana na ya mwimbaji. Pili, na hili ndilo kubwa, ulipozima sauti za gemu ulizima pia nyayo na milio ya risasi, ambazo humwonyesha mchezaji upande anaotokea adui kabla hajamwona.

Fungua mipangilio ya gemu yako. Katika gemu nyingi za aina hii, muziki na sauti za mchezo hurekebishwa kila kimoja peke yake, hivyo unaweza kuuzima muziki na kuziacha nyayo. Bongo fleva iweke mnaposubiri mechi kuanza, au unapocheza gemu za kujenga na kulima, ambazo hazina haraka. Ukiona huwezi kabisa kucheza bila muziki, chagua ala tupu, kwa sauti ya chini kuliko ya wenzako. Kisha cheza mechi kadhaa kwa kila namna, uandike umedumu dakika ngapi katika kila moja, na umwonyeshe kaka yako.