Je, japa ya kutembea inafaa wakati wa msiba?

SWALI: Mimi ni Mvaishnava, yaani mwabudu Krishna, naishi Nairobi. Mwenzangu tuliyekuwa tukifanya naye japa, kulitaja jina la Krishna kwa kuhesabu shanga, kila alfajiri amefariki. Siku hizi nikiketi na shanga naishia kutazama ukuta, raundi zinanipotea. Nikitembea, itahesabika? Na wenzangu hekaluni wananikataza kulia, eti roho haifi.

JIBU: Pole sana kwa kufiwa, dada yangu.

Itahesabika, bila shaka. Kule Govardhan, karibu na Vrindavan nchini India, mahujaji huuzunguka mlima mwendo wa kilomita zipatazo 21, wengi wakiwa peku, huku wanataja jina la Krishna njia nzima. Cha msingi katika japa ni kulitamka jina na kulisikia, uwe umeketi au unatembea.

Chagua njia unayoijua, isiyo na magari. Kuzunguka uwanja wa hekalu kunatosha, tena ni bora, kwa sababu huna haja ya kuwaza ukate kona wapi. Nenda taratibu kiasi cha kuitamka mantra nzima ya Hare Krishna, majina yote 16, bila kuhema. Usilazimishe kila neno liangukie hatua yake. Utajikuta unahesabu miguu na jina hulisikii. Shanga zikae katika kifuko chake, mkono wa kulia, ukizisogeza kwa kidole gumba na cha kati, cha shahada kikiwa nje. Ukimaliza shanga 108, yaani raundi moja, usiivuke shanga kuu iliyo kwenye kiungo cha duara, zigeuze uhesabu kurudi ulikotoka. Mawazo yakikuchukua katikati, endelea na shanga iliyo vidoleni. Raundi 16 za siku si lazima uzimalize kwa mkupuo mmoja. Gawanya, nyingine alfajiri, nyingine jioni.

Sasa hilo la machozi. Wenzako wananukuu sura ya pili ya Gita, kitabu chetu kitakatifu, ambamo Krishna anamwambia shujaa Arjuna kwenye uwanja wa vita kwamba roho haifi, na maneno ni ya kweli. Lakini Arjuna, aliyeyasikia kutoka kinywani mwa Krishna mwenyewe, alimlilia mwanawe Abhimanyu aliyeuawa siku ya 13 ya vita hiyohiyo. Krishna alimfariji, kisha akaenda kumfariji Subhadra, mama wa kijana. Naye Chaitanya, mwalimu mkuu wa njia yetu, katika ubeti wa saba kati ya zile nane alizotuachia, anasema kutengana na Govinda, yaani Krishna, kumefanya kitambo kidogo kiwe kama enzi, na machozi yake yanatiririka kama mvua. Dini iliyoupa utengano heshima kiasi hicho haiwezi kumwona mwenye kulia kuwa na imani haba. Kwa hiyo machozi yakija ukiwa njiani, simama, yaache yatoke, kisha endelea na mantra.

Siku za mwanzo mwombe mmoja wenu atembee nawe, kila mtu na shanga zake. Na kama usingizi na chakula vimekataa kwa wiki kadhaa, au unawaza kumfuata marehemu, nenda hospitali leo na umwambie mtu wa karibu. Matibabu hayavunji nadhiri yoyote.