Usisubiri Taa ya Dashibodi Ikuambie Tairi Limepungua Upepo

Kwa takriban miaka miwili niliendesha gari nikiamini kwamba, maadamu ile taa ya manjano yenye umbo la kwato na alama ya mshangao katikati haijawaka, matairi yangu yana upepo wa kutosha. Siku moja niliinama kutafuta msumari niliodhani umeingia kwenye tairi la mbele, nikapitisha kidole gumba juu yake kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Katikati mifereji ilikuwa bado na kina kizuri, lakini kingo zote mbili, ya ndani na ya nje, zilikuwa laini, zimeanza kuwa kipara. Matairi mengine matatu yalikuwa vivyo hivyo. Nilipoyapima kwa geji nilipata psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 25 na 26, ilhali kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva kinaagiza psi 32. Taa ilikuwa imezima.

Ilinibidi nijifunze gari langu linatumia mfumo gani wa kufuatilia upepo wa matairi, kwa sababu ipo miwili, nayo haifanani hata kidogo.

Gari langu lina mfumo usio na kipimo chochote ndani ya tairi. Hutegemea vihisi vya ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasijifunge), ambavyo huhesabu kasi ya kuzunguka kwa kila gurudumu. Tairi lililopungua upepo hubonyea, kimo chake kutoka katikati ya gurudumu hadi barabarani hupungua kidogo, na hivyo hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake ili kwenda umbali uleule. Kompyuta ya gari ikiona tofauti hiyo, huwasha taa. Udhaifu wake uko hapohapo: matairi yote manne yakipungua kwa pamoja, polepole, hakuna lililo tofauti na mwenzake, na mifumo mingi ya aina hii, hasa ya zamani, hukaa kimya. Isitoshe, mfumo huu haujui psi 32 ni nini. Unajua tu hali uliyoikuta siku ulipobonyeza kitufe cha kuuweka upya. Mimi nilikibonyeza siku taa ilipowaka, bila kupima wala kujaza upepo, nikidhani ninazima taa tu, kumbe nilikuwa ninaliambia gari kwamba matairi yaliyolegea ndiyo yaliyo sahihi. Kwa hiyo, jaza kwanza, hakikisha kwa geji, kisha ndipo ubonyeze.

Mfumo wa pili huwa na kihisi, ambacho mafundi wengi hukiita sensa, ndani ya kila gurudumu, mara nyingi kikiwa kimeshikana na vali. Hupima upepo wenyewe pamoja na joto, kisha hutuma taarifa kwa mawimbi ya redio ya megahezi 315 au 433, kila kimoja kwa namba yake ya utambulisho. Betri yake imefungwa ndani na kwa kawaida hudumu kati ya miaka 5 na 10; ikiisha, hubadilishwa kihisi kizima, na kipya lazima kitambulishwe kwa kompyuta ya gari. Gari la pili katika familia yetu lina mfumo huu, na kihisi kimoja kilivunjwa na fundi aliyeingiza chuma cha kung'olea tairi karibu kabisa na vali. Tangu hapo mimi humwambia fundi mapema, kabla hajagusa gurudumu, kwamba ndani kuna sensa.

Hata mfumo huu bora una mpaka wake. Nchini Marekani, ambako sheria ya mwaka 2000 ilifungua njia ya kulazimisha mifumo ya kuonya upepo uliopungua kwenye magari mapya madogo, kiwango kinachotakiwa ni taa iwake upepo ukiwa umeshuka kwa asilimia 25 chini ya kiasi kilichoagizwa. Kwa tairi la psi 32, hiyo ni psi 24. Maana yake ni kwamba ile psi 26 yangu, iliyokuwa ikila kingo za matairi na kuongeza matumizi ya mafuta, huenda isingewasha taa hata kama ningekuwa na vihisi vinne vipya.

Taa inayowaka moja kwa moja na inayomweta ni habari mbili tofauti. Ikimweta kwa takriban dakika moja baada ya kuwasha gari kisha ikabaki imewaka, mfumo wenyewe una hitilafu. Ikiwaka alfajiri yenye baridi na kuzima baadaye, usiipuuze: upepo hushuka kwa karibu psi 1 kwa kila nyuzi 6 za Selsiasi, na tairi linaloangukia kwenye onyo kwa sababu ya baridi tayari lilikuwa pungufu.

Sasa ninapima mara moja kwa mwezi, gari likiwa limeegeshwa kwa saa tatu au zaidi, na kamwe sipunguzi upepo wa tairi lililopata joto la safari eti kwa sababu geji inasoma juu. Katika magari mengi tairi la spea halina kihisi na halifuatiliwi na mfumo wowote, kwa hiyo nalo hulitoa na kulipima siku hiyohiyo.