Aliyevimba shavu amejeruhiwa?

SWALI: Ninaandika habari za mahakamani hapa Tanzania. Hati ya mashtaka ilitaja "shambulio la kudhuru mwili"; mlalamikaji alipigwa ngumi, shavu likavimba. Nikaandika "alimshambulia na kumjeruhi mwili wake." Mhariri alilifuta neno kumjeruhi. Kwani kudhuru na kujeruhi si mamoja?

JIBU: Si mamoja, na mhariri wako kaona mbali. Jeraha ni pale mwili ulipochanika, ulipokatika au ulipotoboka. Shavu lililovimba huku ngozi ni nzima limeumia tu. Najua magazeti huita "majeruhi" hata abiria aliyeteguka mguu kwenye ajali, na sina ugomvi na hilo. Lakini mahakamani neno hupimwa.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalitafsiri jeraha kwa namna hiyohiyo: mkato au tundu lililopenya utando wa nje wa mwili, yaani ule unaoweza kuguswa bila kupasua utando mwingine. Kwa hiyo ngumi ingempasua mdomo kwa ndani, jeraha lingekuwapo. Madhara ni mapana zaidi: maumivu ya mwili, ugonjwa au hitilafu, ya kudumu au ya muda. Damu si sharti. Kisha kuna madhara makubwa, kama kupoteza jicho au kuharibiwa sura kwa kudumu, na hilo ni kosa jingine lenye kifungo cha hadi miaka 7. Shambulio la kudhuru mwili lina hadi miaka 5. Ukiandika "alimjeruhi vibaya" umemwongezea mshtakiwa shtaka ambalo hata mwendesha mashtaka hakulileta.

Neno shambulio lisikutishe kwa kuwa umezoea kulisikia kwenye habari za vita. Ngumi moja ya mtu mmoja inatosha. Ila usikatishe jina la kosa katikati, maana lipo pia shambulio la kawaida na lipo shambulio la aibu, ambalo ni la kijinsia.

Hukuuliza, lakini "mwili wake" nao ungefutwa. Kitenzi cha Kiswahili humtaja mtu, kisha kiungo kikafuata peke yake: alimvunja mkono, alimtoa jino, alimdhuru mwili. Basi andika: "Ashtakiwa kwa kumshambulia mwenzake na kumdhuru mwili." Ukitaja jina la kosa lenyewe, kiambishi cha mtendwa (ile -m- ya kumdhuru) huondoka: shambulio la kudhuru mwili. Na tafadhali isiwe "kudhulumu mwili", kama ninavyoona siku hizi. Anayedhulumiwa ni mtu, tena katika haki yake.