Miche ya mandarini: nitaitambuaje?

SWALI: Papa Agronomu, jambo sana. Nilinunua miche ya mandarini Kadutu, jirani anasema ni michungwa. Kuna mashine inayotambua mmea kwa mwanga? – Mama wa Bagira, Bukavu

JIBU: Jambo Mama. Ipo. Jani humulikwa kwa mwanga usioonekana kwa macho, wa urefu wa wimbi wa nanomita 780 hadi 2500 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Maji, sukari na mafuta ya jani hunyonya kila kimoja sehemu yake. Mwanga unaorudi huchorwa mstari wenye mabonde pale mwanga uliponyonywa, na kompyuta huulinganisha na mistari ya miti inayojulikana. Maji ndiyo msumbufu: bonde lake la karibu na nanomita 1450 hufunika mengine, kwa hiyo majani hukaushwa kwanza. Aina za chungwa zilizozaliwa na tawi lililobadilika lenyewe mtini hufanana mno, hata mashine hutatizika.

Ila wewe Mama, usihangaike na mashine. Tazama kikonyo cha jani: mchungwa una vibawa vyembamba pande mbili, mmandarini karibu hauna. Chagua jani lililokomaa, tena, kama mche umeunganishwa, la juu ya kiungo, yaani pale mche uliposhikanishwa na shina la mti mwingine. Chipukizi la chini ya kiungo ni la mti huo mwingine, likate mapema.